Kidogo Ndiyo Kiasi Gani?

Juzi, katika duka la kompyuta pale Kibokoni, nilimkuta bibi mmoja, mwalimu wa kushona kofia, akiomba nafasi kwenye maonyesho ya ng'ambo. Maombi yalikuwa yanafungwa saa sita mchana. Fomu ilijazwa na programu ya akili bandia, inayofungua tovuti na kubonyeza vitufe yenyewe kwa kufuata maelezo aliyoiandikia mwenye duka, mwanamke kijana. Mara tatu ilituma fomu kabla picha za kofia hazijaingia, na mara tatu fomu ikarudishwa.

"Umeiambiaje?" bibi akauliza.

"Nimeiandikia: pakia picha, subiri kidogo, kisha bonyeza Tuma."

Bibi akavua miwani. "Kidogo ndiyo kiasi gani, mwanangu? Mie wanafunzi wangu huwaambia wangoje mpaka waone nini."

Mwenye duka akafuta, akaandika upya: subiri mpaka majina ya picha zote yatokee, ndipo ubonyeze Tuma. Tukakodoa macho sote watatu. Majina yakatokea moja moja, kisha yakaja maneno: "Maombi yamepokelewa." Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Bibi akapiga kigelegele mpaka wapita njia wakachungulia.

Wanaosema mashine zitawafuta kazi walimu wangekuwapo pale, wangeona nani alikuwa akimfundisha nani.