Kichwa Nzito

Mupaka leo, nikisikia muntu anasema "kichwa nzito," haya inanipanda usoni. Mimi ni Adelaïde, muuguzi, infirmière wa chumba ya operesheni hapa Masisi. Miaka kumi na mbili napangusa jasho ya Dokta Hilaire wakati anapasula. Hakuna muntu anajua ile jasho kunipita.

Mwaka jana wageni walituletea ekran mupya, kioo ya kuonyesha picha, kwa operesheni za matundu madogo, zile za kuingiza kamera mu tumbo. Ekran ya zamani inaonyesha tumbo bapa, sawa picha ya kalendari. Munganga anabahatisha kama mushipa iko karibu ao mbali. Ya mupya, unavaa miwani, unaona kila kitu na kina chake. Walisema: mutumie zote mbili miezi tatu, na kisha kila operesheni munganga ajibu fomu. Kama hii mupya inamupunguzia kazi ya akili, itabaki kwenu. Kama hakuna tofauti, itaenda kwa wengine.

Fomu iliandikwa Kifaransa: charge mentale, ni kusema uzito wa kazi ya akili. Operesheni ya kwanza ilipoisha, Dokta alikuwa ananawa mikono, njo akaniambia nimusomee. Na mimi, bila kufikiri, nikatafsiri mbele ya watu wote: "Dokta, leo kichwa yako ilikuwa nzito kiasi gani, toka zero mupaka makumi mbili?"

Yesu wangu! Kwetu kichwa nzito ni ya mutoto mwenye anarudia darasa. Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Dokta, mutoto wa walimaji wa maharagi wa Nyamitaba, mwenye alisoma kwa taabu, akakaza uso.

"Andika zero."

Siku ile alitumia ekran ya zamani, na nilimupangusa jasho mara tisa. Nikaandika zero. Toka pale, ekran yoyote, zero. Nilijua ni uongo, lakini niliogopa kusema nilitafsiri mubaya. Wanasema kuuliza si ujinga. Kuuliza kwangu ilikuwa ujinga mutupu!

Wageni walisoma zile fomu, wakaona hakuna tofauti, wakabeba ekran yao.

Juma iliyofuata akaja Mama Noëlla, mulimaji, na mawe mu nyongo. Tulimuahidi matundu ine madogo, na kurudi shamba kabla ya kupalia. Kwenye ekran ya zamani Dokta akabahatisha, akakata mushipa yenye hakupashwa kugusa. Damu ikafunika kamera. Tukapasula tumbo yote. Alipona, Mungu asifiwe, lakini jembe hataishika mupaka miezi tatu ipite.

Kesho yake asubuhi Mama Noëlla alipapasa ile bandeji ndefu, akatuangalia na uso ya kuomba.

"Dokta, munisamehe. Tumbo yangu iliwasumbua sana, eh?"

Dokta akaangalia chini.

"Haina neno, Mama," akajibu.

Mimi nikamunyooshea shuka.