Marehemu Baba Mkwe na Kaseti ya Dakika Nne

Wakuu, nimeshuhudia watu ishirini wakililia gemu la kompyuta, wakidhani ni sauti ya marehemu. Chanzo ni mimi.

Ilikuwa Kragujevac, mji wa Yugoslavia, mwaka 1984. Nilikuwa na kompyuta niliyoiunda mwenyewe kwenye meza ya jikoni, ila programu za kuiwekea sina. Redio ndiyo iliyokuwa ikizigawa bure. Kila Jumamosi mtangazaji anawaambia watu watege kaseti, kisha linafuata likelele, kriiii-shaaa, dakika nne. Ukilirekodi na kulicheza kwenye kompyuta, programu unayo.

Jumamosi ile nilijisahau, sina kaseti tupu, na mtangazaji keshaanza kuhesabu. Nikavuta droo, nikachomoa ya kwanza, nikarekodi.

Nilipoitoa ndipo nikasoma juu yake: Svetozar, harusi.

Svetozar ni baba mkwe wangu, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Ile ndiyo kaseti pekee yenye sauti yake, akiimba kwenye harusi yetu.

Na kesho yake ni kumbukumbu ya mwaka. Mama mkwe, Zagorka, kaalika ukoo mzima waje kumsikiliza. Nyumba tunayokaa ni yake. Nilipomwambia mke wangu, Olivera, alinijibu kwamba atakuwa anakuja kunisalimia huko nitakakohamia.

Jumapili ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu ikaliwa, rakija, ile pombe kali ya matunda, ikazunguka, Zagorka akaenda kuweka kaseti. Nikasimama nikiri.

"Kaa chini," akasema. Nikakaa.

Kriiii-shaaa.

Milisav, mdogo wa marehemu, akapiga ishara ya msalaba.

"Shemeji, anasema nini?"

Zagorka akafuta miwani taratibu. "Anasema yaleyale ya siku zote. We ulishawahi kumwelewa?"

Shangazi mmoja akaangua kilio, akisema ndiye kabisa, hata kikohozi chake. Wengine wakafuata. Dakika nne zote hakuna aliyegusa glasi.

Nikamfuata Zagorka jikoni.

"Mama, nisamehe. Nimemfuta baba."

"Hujamfuta wewe." Hakugeuka. "Nilimfuta mimi, tangu Pasaka. Redioni walikuwa wanafundisha kusindika kabichi, nikarekodi bila kuangalia kaseti. Wiki nzima sijalala, nawaza ukoo utakavyosikilizishwa kabichi. Umeniokoa, mwanangu."

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Naye akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio.

"Alikuwa anaimba vibaya yule mzee," akasema. "Ningetoa chochote nimsikie mara moja tu."

Nikamshika mkono.

Kabla hatujajifuta machozi Milisav akaingia, anaomba nakala. Kufika Krismasi nyumba kumi na moja za ukoo zilikuwa nayo, na kila moja ilikuwa na siku yake ya kumsikiliza marehemu.

Miaka miwili baadaye Milisav naye akanunua kompyuta. Akaja kwangu hana rangi, kaseti mkononi. Alikuwa ameicheza kwenye ile mashine, akakuta kaka yake ni nyoka anayekula matufaha.

Nikamuuliza, sasa?

"Sasa nini? Toka juzi nacheza naye," akasema. "Maisha yake yote hakuwahi kukaa na mimi muda mrefu hivi."

Basi cha bure chukueni, ila someni kwanza kaseti ni ya nani. Na sauti za wazee wenu zirekodini kwenye kaseti mbili.