Redio Chini ya Gari

Jina lake la kuzaliwa analijua mama yake, na mke wake akikasirika. Kwingine kote anaitwa Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Akifungua bolti anaongea, akifunga anaongea, na mteja asipomjibu anajijibu mwenyewe. Ufundi anao, tena wa kutosha. Ila neno likimjia, humtoka kabla hajaliuliza linakwenda wapi.

Hivyo ndivyo alivyogombana na kaka yake. Gereji ni yao wawili, banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa oili. Kaka ana goti bovu, hawezi kulala chini ya gari, kwa hiyo kazi za juu ni zake na za chini ni za Redio. Walielewana hivyo miaka nenda miaka rudi. Kisha siku moja, banda limejaa wateja, Redio akatangaza kwamba macho ya kaka yamekwisha: eti kamwona akisoma namba kwenye spana huku kaunyoosha mkono mpaka spana imetoka nje ya banda. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Kaka hakucheka, na tangu siku hiyo hakumsemesha. Redio naye, badala ya kuomba radhi, akanuna. Wanaume wazima, wenye ndevu na wake nyumbani, wakaanza kutumiana maneno kupitia kwa wateja.

Mama yao alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Alipopata nafuu na kuruhusiwa, alikataa kutoka wodini. "Mnifuate wote wawili, kwenye gari moja," alisema kwenye simu. "Akija mmoja nageukia ukutani, wanibebe na kitanda chao." Muuguzi hakuona la kuchekesha hapo, maana kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine wa kukilalia mchana huohuo.

Gari lilikuwa la dada yao. Mengine yote bandani hayakuwa na magurudumu. Jana yake walikuwa wamelibadilishia mkanda wa taimingi, ule wenye meno unaofanya sehemu za juu na za chini za injini zizunguke pamoja, kaka juu, Redio chini, bila hata kukoholeana. Asubuhi dada akaja na mfuko wa nguo za mama, akaingia, akawasha. Stata ikazungusha vizuri tu. Injini ikakataa kuwaka.

"Si unaona?" Redio akamwambia dada yake kwa sauti ya kufika barabarani. "Alama za mkanda hizo! Mtu haoni alama, anafunga kwa kupapasa. Mwambie kaka yako."

"Huyo hapo. Una mdomo, mwambie."

Kaka alikuwa upande wa pili wa boneti, akifuta mikono iliyokwisha kuwa safi. "Mwambie mdogo wako aanze na plagi, atazame kama zinatoa cheche. Mkanda unafunguliwa mwisho."

Redio alijua kwamba hilo ni kweli. Hata yeye humwambia hivyo kila anayemuuliza. Lakini alizitaka alama zile ziwe zimekosewa, alizitaka kwa moyo wake wote, akashika spana na kuanza kufungua vifuniko huku akitoa mhadhara juu ya uzee.

Akaizungusha injini kwa mkono, taratibu, mpaka mkato wa puli ya juu, ndiyo alama yenyewe, ukafika mahali pake. Akainama kutazama wa chini. Nao ulikuwa mahali pake. Akazungusha tena, alama zikakutana tena, hakuna hata jino moja lililoruka. Mhadhara ukapungua sauti.

Simu ya dada ikalia. "Mko wapi?" aliuliza mama.

"Karibu, mama."

"Karibu na wapi?"

"Karibu na gereji," dada akasema, akakata simu kabla hajaulizwa zaidi.

Redio akafunga vifuniko, akachomoa plagi ya kwanza, akamwomba dada apige stata. Hapakuwa na cheche. Ya pili, hakuna vilevile. Akachukua tochi, akateleza chini ya gari.

Pale chini, kando ya puli ya chini, kuna sensa ndogo inayoiarifu injini kwamba inazunguka, ili itoe moto na petroli. Soketi ya sensa ile ilikuwa inaning'inia hewani. Aliichomoa yeye mwenyewe jana, apate nafasi ya kupitisha kifuniko. Alikumbuka hata kwa nini hakuirudisha: wakati ule alikuwa akimnong'oneza mteja mmoja habari za macho ya kaka.

Akaisukuma, ikaingia na kulia tap. Basi, gari lilikuwa limepona. Juu kule hakuna aliyeona. Angetoka, akasema amezirekebisha alama kidogo, na kaka angeibeba lawama mpaka siku ya mwisho. Maneno yenyewe yalikuwa tayari ulimini. Redio akalala kimya chini ya gari, jambo ambalo dada yake hakuwahi kulisikia.

"Umekufa huko?" aliuliza.

"Kaka," Redio akasema, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Ni mimi. Nilisahau kurudisha soketi ya sensa. Alama zako ziko sawasawa. Nisamehe, kaka. Na ya siku ile pia."

Miguu ya kaka haikutikisika. Kisha goti moja likashuka sakafuni, likifuatwa na mguno, halafu la pili, halafu uso wa kaka ukatokea chini ya bampa. Alipapasa mfuko wa ovaroli, akatoa miwani, akaivaa, akaitazama ile soketi.

"Imeingia," akasema.

Redio aliikodolea miwani macho. "Tangu lini, kaka?"

"Tangu uliponitangaza. Nilikwenda kupimwa keshoye. Jana niliivaa ulipokwenda kunywa chai, ndipo nikaziona alama."

Mizaha mingi ilimjaa Redio kinywani, mingine mizuri sana. Akaimeza yote. "Imekukaa," akasema tu.

Dada akapiga stata, injini ikawaka mara moja. Simu nayo ikalia, akaipokea kwa spika ili wote wasikie.

"Mama, tunakuja," Redio akaropoka. "Wote."

"Nimsikie kaka yako."

"Nipo, mama," kaka akasema, bado amepiga magoti, miwani imejaa vumbi. "Mdogo wangu alikosea. Ameomba radhi."

Mama akauliza, "Kwa mdomo wake ule ule?"

"Ule ule."

Wakamsikia akiweka simu kitandani na kumwita muuguzi amletee viatu.