Kupe Wawili wa Barani

Mwezi uliopita alifariki bwana mmoja wa Barani, hapa Malindi, na mtu wa kwanza kunipigia simu hakuuliza maiti anazikwa saa ngapi. Aliuliza funguo za magari ziko kwa nani. Sikumlaumu. Marehemu alikuwa na magari mawili ya zamani ya Kijapani, ya milango miwili, yale ambayo wapenzi wa magari huyaita kupe. Kwa Kiswahili chetu kupe ni mdudu anyonyaye damu, na nyumba ile ilinyonywa mpaka ikakauka.

Wasomaji wangu wakusanyao magari watataka kujua lipi bora. La kwanza lilikuwa na pua ndefu, silinda sita katika mstari mmoja na mngurumo mzito, na fundi yeyote wa hapa angeweza kulifungua na kulifunga. La pili lilikuwa jepesi, taa zikijificha ndani ya boneti, na injini yake ya kuzunguka, isiyo na pistoni, ilipanda kasi kwa utamu wa ajabu huku ikinywa oili na kuwakimbiza mafundi. Mimi ningechukua la kwanza. Yeye alikataa kuchagua. Moja aliliita Bi Mkubwa, jingine Bi Mdogo, akawagawia zamu kama wake: wiki hii huyu anaoshwa kwa maji matamu, anapakwa nta, anatembezwa, na wiki ijayo mwenziwe. Barazani tulicheka. Mkewe wa ndoa, aliyekuwa akituletea kahawa, hakucheka.

Mwaka jana ilikuja habari kutoka Mambrui kwamba mama wa yule mke amefariki na atazikwa baada ya alasiri. Nilikuwapo. Alitoka na buibui lake, akamwomba mumewe amkimbize akauone uso wa mamake kabla hajatolewa nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha. Bwana akaitazama njia yenye matope, akasema, "Leo zamu ya Bi Mdogo, naye matopeni hakanyagi. Panda bodaboda." Bodaboda ikaharibika njiani. Alipofika, jeneza lilishatoka. Nilikuwa nimekunywa kahawa ya mtu yule miaka mingi, na siku ile nilimchukia.

Baada ya hitima, ndugu wa marehemu alimleta mnunuzi kutoka Nairobi. Mgeni aliyataka yote mawili, akaomba tu yaoshwe na kufunikwa vizuri hadi mambo ya mirathi yaishe. Mjane, aliyekuwa ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi, alijibu nyuma ya pazia.

"Shemeji, si alisema mwenyewe hawa ni wakeze? Basi nao wamefiwa. Wakae eda kama mimi. Hawatoki, hawapambwi, hawapakwi mafuta."

Shemeji alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Jioni hiyo maturubali yalivuliwa, magari yakasukumwa uani kwenye upepo wa chumvi, na katika ukoo ule hakuna anayethubutu kubishana na mwanamke aliye edani.

Juzi nilipita kutoa pole. Kutu imeanza kula chini ya milango ya lile la pua ndefu, na taa za mwenziwe zimekwama nusu wazi. Mnunuzi hupiga simu kila asubuhi kuuliza kama eda imekwisha. Nasikitikia vyuma vile kuliko ninavyomsikitikia mwenyewe, na sioni haya kuliandika hilo. Nililojifunza ni hili: mzaha anaoucheka mume, mke huuweka, na siku mume akifa, wosia utakaotimizwa neno kwa neno ni ule mzaha.