Mbwa wa Madoa Uani kwa Bibi

Binti yangu ameona mbwa kwenye simu. Mweupe, mwembamba wa kiuno, amejaa madoa meusi kuanzia masikio mpaka mkia. Simu inamwita dalmatia. Sasa kila siku ni wimbo huo huo: mama, mbwa huyu anafaa kukaa na familia? Sisi tunaishi ghorofani, Kariakoo, chini yetu maduka ya vitenge na mabegi, na kibaraza chetu kinatosha kamba moja ya nguo. Nilitaka kumjibu hapana, niendelee na vitunguu vyangu. Jibu likagoma kutoka, maana mbwa wa namna hiyo niliwahi kuishi naye, hapa hapa Kariakoo. Kaa basi nikusimulie wewe, kwa sababu mwanangu hana subira ya kunisikiliza.

Wazazi wangu walikuwa Lindi, mimi nikaletwa mjini kwa bibi nisome. Nyumba ya bibi ilikuwa ya Kiswahili, ya zile zilizokuwa zimejaa mitaa hii kabla ya maghorofa. Mlango wa mbele, korido ndefu ya sementi, vyumba huku na huku, kisha uwa. Vyumba vingine alipangisha. Kimoja alikaa mwalimu kutoka Masasi, mtu wa suruali iliyopigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia. Kingine alikaa mama wa vitumbua na mtoto wake mdogo. Kulipokucha uwa mzima ulinukia iliki na mafuta ya moto, na nje ulisikia wasukuma mikokoteni wakigombana na watu wasiotaka kuwapisha. Korido ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba. Hapo bibi alitandika mikeka, hapo aliswali, hapo tulikula kwenye sinia moja.

Baba mdogo, yule kitinda mimba wa bibi, alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja Oysterbay. Mzungu alipomaliza mkataba akarudi kwao, akamwachia jiko, mapazia na mbwa. Jiko baba mdogo aliliuza, mapazia akampelekea mchumba, mbwa akamleta kwa mama yake. Mtaa mzima ulitoka kumwangalia. Kuna mtoto alileta kitambaa na sabuni, akamsugua doa la mgongoni aone kama litatoka. Mbwa akatulia tu, akamlamba mkono, mtoto akakimbizwa bombani huku mama yake akimfokea.

Huko kulambwa ndiko kulikokuwa na kazi. Kwa bibi mbwa ni najisi, na alichokigusa akiwa amelowa lazima kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Bibi hakumkubali kwa kumpenda. Alimkubali kwa sababu wezi walikuwa wakiruka ukuta na kutuanulia nguo na masufuria. Akaweka sharti lake pale pale mbele ya watu: mbwa akae uani, aingie na kutoka kwa mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni, na korido yake asiikanyage hata kwa bahati mbaya. Baba mdogo akakubali haraka sana, kama anavyokubali mtu anayejua kwamba atakayehangaika ni mwingine.

Na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi baba mdogo alimtoa uchochoroni, wakakimbia mpaka viwanja vya Jangwani, wakarudi mbwa ulimi nje, anakunywa maji na kulala kivulini siku nzima. Mtoto wa mama wa vitumbua alimshika mkia, akamlalia tumbo, hakuwahi kuungurumiwa. Simu ya binti yangu inasema mbwa hawa wana upendo na watoto ila wanataka kukimbia sana. Hapo simu imesema kweli, sina la kuongeza.

Kisha baba mdogo akapata kazi Mwanza, akaondoka. Muda si mrefu jirani wa nyuma, mwenye duka la jumla, akajenga stoo ya mzigo. Ukuta ukapanda pua na mlango wetu wa uani. Ukifungua unakutana na matofali. Bibi alilalamika, akatuma wazee, akaambiwa uchochoro ule haukuwa wa mtu. Basi. Njia ya kutoka ikabaki moja tu, korido, na korido ilikuwa na sharti. Ukuta wetu wa pembeni ulikuwa na vipande vya chupa juu, hakuna wa kumvusha mbwa mzito kama yule anayejinyonganyonga.

Hakutoka tena. Alianza kuuzunguka uwa. Alipita kwenye majiko ya mkaa, akapita chooni, akapita chini ya kamba za nguo, akarudi, tena na tena, mpaka mchanga ukaingia ndani na kufanya mfereji. Alichimba chini ya kila ukuta. Na manyoya yake, jamani. Mafupi, meupe, yanachoma kwenye kitambaa hayatoki. Yalipeperuka mpaka kwenye unga wa vitumbua na kwenye baibui jeusi la bibi. Maji tulinunua ya madumu, yaliyoletwa kwa mkokoteni, na bibi aliyamaliza kwa kuosha na kuosha tena. Kila akifua alimtukana mbwa, na mbwa hata hakugeuza shingo.

Msimu huo huo mimi nilivunja ungo. Bibi alinifunga kanga mpya, akanipikia kuku, akaniita mke mwenzangu kwa furaha kama kawaida yake, halafu akaniambia barabara nimeshaimaliza. Shule, madrasa, nyumbani. Rede nilizokuwa nacheza na wenzangu mbele ya nyumba nikawa nazisikia kwa sauti tu. Nilikuwa nakaa kwenye kizingiti cha uani, mbwa akizunguka, nikihesabu kelele za nje na kukisia nani ametupa mpira. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Yeye angalau alichimba.

Tulimlaumu kwa ukaidi. Ukimwita haji, ukimkemea haachi. Tukakubaliana wote kwamba tatizo ni lugha. Amelelewa na Mzungu, Kiswahili atakijulia wapi? Mwalimu akaombwa azungumze naye Kiingereza. Akatoka chumbani amechomekea, akasimama katikati ya uwa, akamwamuru kwa Kiingereza cha darasani akae chini. Mbwa akajikuna. Mwalimu akarudia polepole, kwa matamshi ya kunyooka, wapangaji wamenyamaza kwa heshima. Mbwa akampita na kuendelea na mzunguko wake. Mwalimu akasema huenda Mzungu yule hakuwa Mwingereza.

Siku moja mtoto wa mama wa vitumbua alimwendea kwa nyuma amelala, akamkumbatia shingo kama alivyozoea. Mbwa akakurupuka na kumng'ata mkono. Halikuwa jeraha kubwa ila damu ilitoka, na kilio cha mama yake kilileta mtaa. Hapo ndipo wapangaji wote waliposema imetosha. Kulikuwa na mtu anayeua mbwa wa mitaani, ataitwa Ijumaa baada ya swala. Akishakufa atatiwa kwenye gunia na kurushwa nje juu ya ukuta. Bibi hakubisha. Mimi nilikwenda chooni nikalia huko, kwa sababu ndiko mahali pekee palipokuwa na komeo.

Alhamisi, mama wa vitumbua akiwa anaosha vyombo, sinia kubwa la bati lilimponyoka likaanguka kwenye sakafu ya kuoshea, nyuma tu ya kichwa cha yule mbwa aliyelala. Kuku waliruka, mwalimu alitoka mbio na mswaki mdomoni. Mbwa aliendelea kulala. Bibi akamtazama. Akaliokota sinia mwenyewe, akalipiga tena kwa mwiko, karibu zaidi. Hakutikisika hata sikio.

"Hasikii," bibi akasema. "Siku zote hizi namtukana kiziwi."

Akakaa chini kwenye ngazi, kanga imemteleza begani. Kisha akamuuliza mwalimu kama yule kaka yake mwenye shamba Chanika angemtaka mbwa. Mwalimu akasema shamba halina ukuta wala majirani, atamtaka. Mama wa vitumbua akaguna, lakini hakukataa. Likabaki swali ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyethubutu kumwuliza bibi: atatokea wapi?

Kesho yake asubuhi, gari la kaka yake mwalimu likiwa limesimama nje, bibi alikunja mikeka yake yote mwenyewe. Akaondoa mswala, akaondoa sinia na viatu, korido ikabaki tupu kama nyumba inayohamwa. Akafungua mlango wa mbele mabawa yote mawili. Mwalimu akamshika mbwa kamba. Mbwa alifika kwenye kizingiti akasita, mguu mmoja umeinuliwa, kwa kuwa tulimfundisha kwa fimbo kwamba hapo mwisho. Bibi akasogea ukutani, akamfanyia ishara kwa mkono apite. Akapita. Alipoona mwanga wa barabara alimburuta mwalimu na suruali yake ya pasi mpaka nje, na watu wakacheka.

Mimi sikufika mlangoni. Nje walijaa wanaume, na bibi alinitazama mara moja tu nikaelewa. Nililisikia gari likiondoka.

Tukaosha. Bibi alikuwa na ndoo ya udongo aliyoagiza tangu jana yake, nami nikashika fagio. Nilisugua huku machozi yananidondoka kwenye sementi, na nilijua anayaona. Nikamwuliza kwa nini mbwa ametolewa na mimi nimefungiwa. Sikuwahi kumwuliza kitu kwa sauti ile.

Hakunigombeza. Alimimina maji, akayafuata kwa macho mpaka yakafika uani.

"Mimi nililetwa nyumba hii bibi harusi," akasema. "Nimetoka kwa harusi na misiba tu. Hiyo Jangwani yenu siijui. Huyu angalau tumemtoa, mke mwenzangu. Sugua."

Tukasugua mpaka mwisho.

Bibi hayupo tena, na nyumba haipo. Wapangaji wametawanyika, uchochoro umemezwa, na watoto wa mtaa huu hawajui kwamba hapa watu walikuwa na nyua. Siku ya kubomoa nilikwenda nikasimama ng'ambo na wapita njia wengine. Greda liliangusha ukuta wa mbele kwanza, kisha korido, vumbi lilipotulia uwa wetu ukaonekana wote, peupe, kwenye jua. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu mmoja pembeni yangu alidhani ni chumba. Niliitafuta kona ya kivuli ambako bibi aliketi kwenye mbuzi akikuna nazi miaka yake yote. Kutoka hapo, bila ule ukuta, mtu angeiona barabara nzima mpaka sokoni. Nilisimama pale nikatamani kumwita atoke aone.