Kipande cha Tatu cha Riwaya ya Zaina

Enzi zetu pale Butembo, kitabu kimoja kilisomwa na watu watatu kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwao. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanadhani nasimulia muujiza. Hakukuwa na muujiza, kulikuwa na wembe. Mwenzetu Zaina, ambaye baba yake alikuwa na lori la kupeleka bidhaa Beni na Oicha, aliokota riwaya ya Kifaransa isiyo na jalada ndani ya baloti ya nguo kuukuu. Alipoileta darasani, Kambale wa Mususa, aliyejiona daktari wa upasuaji, aliikata vipande vitatu na kuvishona kwa uzi wa gunia. Zaina, mwenye mali, akachagua kipande cha mwisho. Kambale akachukua cha kwanza. Mimi nikaangukiwa na cha katikati, kwa hiyo nilimkuta mwanamke wa kitabu tayari analia, wala sijui nani amemliza.

Tulikuwa mwaka wa sita, mwaka wa Exetat, ule mtihani wa taifa ambao wazazi waliuogopa kuliko sisi. Asubuhi unaenda shule na sweta juu ya sare, baridi inakung'ata masikio. Mchana kuna kurudia masomo. Jioni kuna bidoni za maji, vyombo vya kuosha na maharagwe ya kuchambua. Saa ya riwaya haikuwepo kwenye ratiba yoyote. Ilibidi iibwe, na aliyenisaidia kuiba ni Koko, bibi yangu mzaa baba.

Koko hakujua kusoma. Siku ya kwanza alinifumania nyuma ya jiko, ungo wa maharagwe magotini na riwaya juu ya maharagwe. Nilingoja kelele. Badala yake akauliza kitabu kinasema nini. Nikamgeuzia maneno mawili matatu kwa Kiswahili, naye akavuta kigoda. Tangu jioni ile akawa anachambua maharagwe yangu, nami namsomea. Mama akiita mtu wa kwenda kuchota maji, Koko alijibu kabla yangu, kwa sauti ya mwalimu mkuu:

"Wacha mutoto asome. Ye iko na Exetat."

Kaka yangu ndiye aliyebeba bidoni mwaka ule. Mpaka leo anadai bega lake moja liko chini kwa sababu yangu.

Kwenye riwaya, mume wa yule mwanamke alikuwa amesafiri na hajulikani alipo, na kinyozi wa mtaa alitaka kumwoa. Koko alikuwa upande wa kinyozi bila haya. "Kinyozi iko na kazi," alisema. "Nywele ya batu inaota kila siku." Nikijaribu kukwepa maelezo marefu ya mvua na madirisha, ambayo Wazungu wanayapenda mno, alinigonga goti. "Usirushe paje. Miye niko nasikia." Sijui alisikiaje.

Mimi na Kambale tukabadilishana vipande, nikajua nani aliyemliza. Kikabaki cha Zaina. Hapo ndipo baba yake alipohamishia familia Oicha kwa biashara ya kakao, na kipande cha tatu kikaenda naye. Koko aliipokea habari hiyo kama msiba. Kila jioni akauliza kama yule mwanamke ameolewa. Kambale alijitolea kutunga mwisho wake mwenyewe. Koko alimsikiliza kwa adabu, halafu akamwambia arudi kwao Mususa.

Wiki chache kabla ya mtihani, dereva wa lori la baba yake Zaina alituletea kifurushi chenye kipande cha tatu. Bahati mbaya aliyekipokea ni Mama, adui mkubwa wa riwaya katika mtaa wetu.

"Ma-roman ndio inaharibisha batoto banamuke," alisema. "Ku Exetat batakuuliza mambo ya mapendo?"

Akakifungia ndani ya sanduku la vitenge mpaka mtihani upite. Ufunguo ulikaa kiunoni mwake. Koko akaanza kutangaza kila mlo kwamba yeye ni mzee, Exetat bado iko mbali, na anaweza kufa bila kujua. Jumapili moja baada ya misa, tukila bugali na sombe ya majani ya muhogo, Mama alichoka.

"Koko, kula. Bwana yake alirudia. Kinyozi alibakia vile."

Tonge la Baba lilisimama katikati ya sahani na mdomo. Mimi nilimtazama Mama. Mama aliitazama sombe. Koko akasukuma sahani yake pembeni.

"Ulisoma weye moja?" akauliza, na katika nyumba yetu sijawahi kusikia shtaka kubwa kuliko hilo la kusoma peke yako.

Jioni ile Mama alilifungua sanduku mwenyewe, akaketi nasi nyuma ya jiko, nikasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Koko alimlilia kinyozi kama mtoto wake. Nami nilipofaulu na kumwagiwa poda kichwani, kama anavyomwagiwa kila aliyefaulu Exetat, Koko aliinamisha kichwa chake pia amwagiwe. Alisema amesoma mwaka mzima.

Sasa Koko hayupo, na nikichambua maharagwe namkumbuka mpaka naumia. Binti yangu yuko mwaka wa sita. Simu yake ina riwaya nyingi kuliko maktaba ya mapadri: anayosoma leo, na nyingine zinazongoja Exetat ipite. Akikosa subira, simu inamfupishia mwisho. Hangoji mtu, hangojewi na mtu. Maskini, analia peke yake mbele ya kioo, na nyumba nzima hatujui nani amemliza.

Juzi nilimkuta anafuta machozi. Nikavuta kigoda na ungo wangu.

"Soma kwa nguvu, nisikie."

"Mama, niko katikati. Hautasikia kitu."

"Miye nilizoea katikati."

Akaanza, upesi upesi, jicho moja kwenye betri. Nilimgonga goti, akarudi nyuma ukurasa mzima. Tulikuwa tumefika pazuri baba yake alipoita kutoka uani, akiuliza nani anaenda kuchota maji.

"Wacha mutoto asome," nikamjibu. "Ye iko na Exetat."