Sista Taratibu Awekwa Rehani

Katika wodi ya watoto alikofanya kazi miaka ishirini na sita walimwita Sista Taratibu, wala hawakumsifu upole. Hakuna mwanafunzi wa uuguzi aliyepita mikononi mwake bila kuusikia wimbo wake: pakiti za barafu zikitoka kwenye friza, ziache mezani mpaka zitoke jasho na usikie maji yakicheza ndani, ndipo uzipange kwenye sanduku la chanjo. Kwamba chanjo hufa kwa joto, kila mtu anajua; kwamba hufa kwa baridi pia, wachache hukumbuka.

Alipotangaza kuwa anakwenda ng'ambo kujitolea miezi mitatu, dada yake alimcheka. "Wagonjwa wa kwetu wamekwisha, sasa unawafuata wa wenzio?"

Wiki ya tisa ilimkuta milimani, katika darasa la mbao, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka kwenye friji ya kituo. Kifaduro kilikuwa kimekwisha kuzika watoto watano katika bonde la jirani. Hata hivyo akina mama walikuja shingo upande, na wasingekuja kabisa lau si bibi mkunga wa pale kuwaambia, "Nimewatazama hawa wageni. Waacheni wachome."

Alikuwa amechoma watoto thelathini na wawili alipoingiza mkono sandukuni kuchukua kichupa kingine, nacho kikakataa kutoka. Kilikuwa kimegandana na barafu.

Akaiona tena asubuhi ya safari: mvua ikitishia, wabeba mizigo wakigombana mlangoni, naye akizitoa pakiti kwenye friza, kavu na ngumu kama mawe, na kuzipanga palepale. Yeye! Mganga hajigangi.

"Daktari," alinong'ona, "hebu njoo. Usikimbie, wanatuangalia."

Daktari, kijana aliyelingana na mwanawe wa kwanza, alichungulia. "Labda vimeganda hivi vya pembeni tu, mama. Vya katikati vizima."

"Hiyo 'labda' haijawahi kumkinga mtu, mwanangu."

Wakakiyeyusha kile kichupa viganjani, kisha wakakitikisa pamoja na kimoja kati ya vile vilivyotumika asubuhi, kilichobakiwa na dawa kidogo, wakaviweka vyote viwili juu ya dawati. Chanjo nzima hubaki na weupe wake kwa muda mrefu. Iliyowahi kuganda hutua chini kama chenga za unga, juu yakabaki maji matupu. Sista alijiinamia mbele ya vichupa kama mshtakiwa. Vilitua pamoja, sawia, kama mapacha.

"Haitawadhuru," daktari alisema harakaharaka. "Tutarudi mwezi ujao, tutawaambia ni sindano ya pili. Nani atajua?"

"Na kifaduro kikitutangulia?"

"Ukiwaambia, mama, hawatatuletea hata paka. Na yule bibi je, aliyetudhamini?"

Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Aliwaogopa akina mama, ndiyo. Lakini aliogopa zaidi jinsi maneno ya kijana yalivyomtelezea masikioni kama mafuta. Alitaka kuyakubali. Akamwita mkalimani, mwalimu wa darasa hilohilo.

"Mwalimu, sema kama nisemavyo. Usinipambe."

Mwalimu alipoelezwa, aliwatazama akina mama. "Mama, unakumbuka kwamba ninyi mtaondoka, na mimi nakaa hapa?"

"Nakumbuka. Sema."

Sista akasema, mwalimu akimfuata neno kwa neno: dawa waliyochomwa watoto imekufa, ameiua yeye, kwa haraka yake, haitawadhuru, lakini haitawakinga. Mama mmoja kijana alilifunua paja la mwanawe, akalitazama lile doa la sindano.

"Kwa hiyo amelia bure?" mwalimu akatafsiri.

Sista akavinyanyua vile vichupa viwili, wote wavione.

Bibi mkunga alipita katikati ya watu, akavitikisa vichupa mwenyewe, akangoja vitue, akavitikisa tena. Kisha akanena maneno mengi, ambayo mwalimu aliyafupisha: "Dawa nzima ifuatwe. Daktari ana miguu mizuri, aende yeye. Wewe utakaa nyumbani kwa bibi."

"Kama mgeni?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Kama rehani, mama."

Asubuhi ya siku ya tano njia ya mlimani ilikuwa bado tupu. Yule mama kijana akaja na mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa ameanza kukohoa. Bibi aliwapisha kwenye mkeka, kisha akamtazama Sista, na mwalimu hakuwapo wa kumtafsiria mtazamo huo. Sista alijua kwamba kifaduro hukaa mwilini wiki nzima au zaidi kabla ya kujitokeza, na kwamba hata chanjo nzima isingemwahi mtoto huyu. Lakini nani angemwamini, wakati yeye mwenyewe hajiamini?

Alimpakata mtoto, akatega sikio kifuani pake. Kikohozi kimoja. Cha pili, cha tatu, vikifuatana bila nafasi. Akabana pumzi yake mwenyewe, akisubiri kama mtoto angevuta hewa kimyakimya au kwa ule mlio wa filimbi wa kifaduro alioufahamu. Mama mtu alimshika mkono, akaukaza mpaka ukauma. Mtoto akafungua kinywa.

Akavuta hewa, kimya. Kisha akaanza kukohoa upya, na Sista akaanza kuhesabu upya.